Kinasi, Sumukuvu na Mahindi ya Matiliku

Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu 317 katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika nchini Kenya waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu. Kati yao, 125 walifariki dunia. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakauma, watu wakatapika, kisha ini likashindwa kufanya kazi yake. Makueni na Kitui ndizo zilizopata pigo kubwa zaidi. Mahindi yenyewe hayakuletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Yalikuwa yamelimwa papo hapo, yakavunwa kabla ya kukauka barabara, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu ndani ya nyumba za kulala, kwa kuwa mwaka huo chakula kilikuwa haba na ghala la nje lilikuwa kishawishi kwa wezi. Sampuli zilizochukuliwa kwa wauzaji katika wilaya zilizoathirika zilionyesha kwamba asilimia 55 zilikuwa na sumu iliyozidi kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo, yaani sehemu 20 kwa kila bilioni. Asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000.

Matiliku ni mji mdogo wa soko katika eneo la Nzaui, huko huko Makueni. Ni nchi ya ukame, yenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka na yote miwili haitegemewi. Mtu akifika pale siku ya soko na kuanza kuzungumza habari za kinasi za protini, ataonekana amepotea njia. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba mwendo wa kutoka kwenye gunia la mahindi la Matiliku hadi kwenye kinasi si mrefu kama unavyodhaniwa. Aidha, yanadai kwamba sehemu kubwa ya urefu huo imesababishwa na wasomi wa Kiswahili wenyewe, hasa wale wa fasihi, ambao wamekubali kwa moyo mkunjufu kwamba sayansi ni shughuli ya watu wengine.

Inafaa kuanza na jina la sumu. Aflatoksini lilitungwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa kwa kulishwa chakula kilichokuwa na karanga kutoka Brazil. Herufi ya kwanza inatokana na Aspergillus, silabi inayofuata inatokana na flavus, na sehemu iliyobaki ina maana ya sumu. Kwa mwanabiolojia jina hilo limebeba habari kamili: ni sumu ya kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kwa mkulima ni sauti tupu. Anaweza kulikariri, akalitamka vizuri redioni, na asiambiwe na neno lenyewe hata jambo moja juu ya hatari inayomkabili.

Watanzania walipata neno jingine: sumukuvu. Neno hili lilienea zaidi baada ya mkasa wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na leo hutumika katika matangazo ya serikali, mafunzo ya wakulima na magazeti. Nguvu yake ni dhahiri. Anayelisikia kwa mara ya kwanza huambiwa mara moja kwamba kuna sumu na kwamba sumu hiyo inatoka kwenye kuvu, kwa hiyo adui wa kwanza kupigwa vita ni unyevu. Neno limefanya nusu ya kazi ya bwana shamba. Wapo wanaolikosoa kwamba ni pana mno, kwa sababu kuvu hutoa sumu nyingi, ikiwemo fumonisini, nayo aflatoksini ni kundi moja tu miongoni mwazo. Ukosoaji huo ni wa haki, na katika maabara tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini mtu anayeamua kama mahindi haya yaliwe au yatupwe hahitaji kwanza kutenganisha fumonisini na aflatoksini. Kwamba Kenya, iliyozika watu wengi zaidi, imeng'ang'ania aflatoksini huku neno sumukuvu likivuka mpaka kwa kusuasua, ni jambo linalopaswa kuwasumbua walimu wa Kiswahili wa nchi hiyo kuliko linavyowasumbua.

Sasa, kuvu yenyewe. Aspergillus flavus huishi udongoni na kwenye mabua, na haitengenezi sumu kila saa ya maisha yake. Hukua kwanza, hutandaza nyuzi zake, na wakati fulani ndipo huanza kuzalisha mbegu zake za unga na pamoja nazo sumu. Ni nini kinachoiambia kwamba wakati huo umefika? Hapo ndipo kinasi inapoingia, na hapo ndipo Kiswahili cha vyuo vikuu kinapopata kigugumizi.

Kigugumizi hicho hakina sababu ya msingi. Protini nyingi ndani ya seli hukaa kama watumishi wanaosubiri amri, na amri aghalabu huja kwa umbo la kipande kidogo cha kemikali kiitwacho fosfati. Kinasi ya protini ni kimeng'enya kinachochukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuiweka juu ya protini nyingine. Protini iliyopokea fosfati hubadilika umbo na kwa hiyo hubadilika tabia: iliyolala huamka, iliyokuwa kazini husimama, iliyokuwa nje ya kiini cha seli huingia ndani. Baadaye kimeng'enya kingine, fosfatasi, huja kuiondoa fosfati hiyo, na mambo hurudi yalivyokuwa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilionyesha kwamba binadamu ana jeni 518 za kinasi za protini. Kila moja ina walengwa wake, na haibahatishi. Ile iitwayo kinasi A, ambayo watafiti huinunua ikiwa imesafishwa katika vichupa vidogo na kuihifadhi katika majokofu ya baridi kali, hupendelea mahali penye arginini mbili zilizofuatana, kisha asidi amino nyingine yoyote, kisha serini au threonini. Hapo kwenye serini au threonini ndipo fosfati inapokaa. Mwanafunzi aliyewahi kuandika kanuni ya kifonolojia, kwamba sauti fulani hubadilika katika mazingira fulani na si penginepo, kama vile /n/ inavyogeuka /m/ mbele ya /b/, amekwisha kuielewa kinasi kwa kiasi kikubwa bila kukanyaga maabara.

Ugunduzi wa mfumo huu ulifanywa na Edmond Fischer na Edwin Krebs mjini Seattle, Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Walikuwa wakichunguza kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni ili kutoa sukari, wakabaini kwamba huwashwa kwa kuwekewa fosfati na huzimwa kwa kuondolewa. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Jambo lililotambuliwa na tuzo hiyo halikuwa kuweka fosfati peke yake. Lilikuwa ile hali ya kuweka na kuondoa, kutenda na kutendua. Na hapa mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ana haki ya kutabasamu, kwa kuwa lugha yake ina kauli nzima iliyoundwa kwa ajili ya shughuli hiyo. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Kauli ya kutendua hufundishwa katika kila darasa la mofolojia, hutungiwa maswali ya mtihani, kisha hurudishwa kabatini kana kwamba haina matumizi nje ya mtihani.

Basi na itumike. Baadhi ya waandishi wa sayansi wamezoea kuswahilisha moja kwa moja: kufosforisha, na kinyume chake kudefosforisha. Neno la kwanza linavumilika. La pili ni mzigo; limebeba kiambishi cha kigeni kazi ambayo Kiswahili kinaifanya kwa silabi moja ya nyumbani. Mpenzi wa fasihi huenda akavutiwa na kuvika na kuvua fosfati, kwa kuwa pana taswira ya vazi ndani yake. Kwa bahati mbaya, nomino itakayozaliwa ni uvuaji wa fosfati, na msomaji wa Kisumu au Mwanza atadhani kuna nyavu na mitumbwi. Jozi inayofaa zaidi ni ya kawaida kabisa: kubandika na kubandua. Kila mtu hubandika tangazo ukutani na kulibandua, hubandika sufuria mekoni na kuibandua. Kinasi hubandika fosfati, fosfatasi huibandua. Ubandikaji na ubanduaji. Hakuna anayehitaji kueleza zaidi kwamba tendo la pili ni kinyume cha la kwanza, kwa sababu sarufi imekwisha kueleza.

Kuhusu kinasi lenyewe, hakuna haja ya kupigana. Asili yake ni neno la Kigiriki la kusogeza au kutikisa, na hata katika Kiingereza halimwambii mtu wa kawaida lolote. Kulitafsiri kwa maneno matatu au manne ya Kiswahili, kwa mtindo wa kimeng'enya-kibandika-fosfati, ni kujitafutia uchovu. Lichukuliwe kama lilivyo, livikwe irabu ya mwisho, liingizwe katika ngeli ya I-ZI pamoja na mofimu na fonimu, ambazo pia zilitoka mbali na sasa hakuna mwanaisimu anayezionea haya. Ni vigumu kuelewa kwa nini msomi asiyeshtushwa na neno mofimu hushtushwa na neno kinasi.

Kinasi A haiamki yenyewe. Huamshwa na molekuli ndogo iitwayo AMP mzunguko, ambayo kazi yake ni kupeleka habari: ishara inapofika kwenye utando wa seli, molekuli hiyo hutengenezwa kwa wingi ndani, huenda kujishikiza kwenye sehemu inayoifungia kinasi, na kinasi huachiliwa ifanye kazi. Waswahili husema mjumbe hauawi. Ndani ya seli mjumbe huuawa, tena upesi, na kimeng'enya maalumu kilichowekwa kwa kazi hiyo. Angeachwa hai, amri ingeendelea kutekelezwa baada ya sababu yake kwisha.

Watafiti waliochunguza Aspergillus nidulans, jamaa ya karibu ya kuvu ya mahindi, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta mambo yafuatayo. Kuvu hiyo ina protini iitwayo AflR, ambayo huwasha jeni za kutengeneza sumu. Ishara ya kukua inapokuwa na nguvu, kinasi A hubandika fosfati kwenye AflR, na AflR hunyamaza. Kuvu hukua bila kutoa sumu. Ishara hiyo inapofifia, kizuizi huondoka, na uzalishaji wa mbegu na wa sumu huanza. Sumu ya A. nidulans si aflatoksini bali ni ile iliyo hatua chache kabla yake katika mlolongo huo huo wa kikemikali. Katika kuvu ya mahindi yenyewe mtandao wa ishara una matawi mengine, na mwandishi mwaminifu hatadai kwamba kinasi moja ndiyo hakimu wa kila kitu. Ila la msingi linabaki: kuvu ni kiumbe kinachopokea habari za mazingira yake na kuamua, na chombo chake kimojawapo cha kuamulia ni kinasi.

Upande wa pili wa kisa uko ndani ya ini la mlaji. Vifo vya mwaka 2004 vilitokana na sumu nyingi iliyoliwa kwa muda mfupi. Lakini sumukuvu ina njia nyingine, ya polepole, kwa mtu anayekula kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi. Ini huigeuza aflatoksini kuwa kemikali inayong'ang'ania kwenye DNA. Seli ikigundua kwamba DNA yake imejeruhiwa, kinasi za tahadhari, mojawapo ikiitwa ATM, hubandika fosfati kwenye protini p53, nayo husimamisha mgawanyiko wa seli hadi jeraha litengenezwe au huiamuru seli ife. Mwaka 1991 ilichapishwa kwamba katika saratani nyingi za ini kutoka sehemu zenye aflatoksini nyingi, huko Uchina na kusini mwa Afrika, jeni ya p53 ilikuwa imeharibiwa mahali pale pale, kwenye kodoni ya 249. Kinasi bado inatoa tahadhari, lakini anayepaswa kuitikia ameharibiwa na sumu hiyo hiyo. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B huwa katika hatari kubwa zaidi.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, ni kwamba mama wa Matiliku hahitaji lolote katika haya. Anahitaji kuambiwa: kausha mahindi kabla ya kuyahifadhi, usiyalaze sakafuni, usile yaliyoota kuvu. Sentensi tatu, na maisha yameokolewa. Hakuna p53 wala AflR.

Pingamizi hilo lingetosha kama njaa isingekuwapo. Mwaka 2004 haikuwa vigumu kumwambia mtu kwamba hindi lililooza ni baya. Hilo alilijua tangu utotoni. Ugumu ulikuwa kumwambia kwamba hindi linaloonekana safi linaweza kuwa na sumu, kwamba kuliosha hakutoshi, kwamba kulichemsha hakuiondoi, na kwa hiyo gunia lililobaki nyumbani, katika mwaka wa ukame, litolewe na kuharibiwa. Serikali na mashirika ya misaada yalipeleka mahindi ya badala, na bila hayo mashauri yangekuwa dhihaka. Lakini hata panapokuwa na badala, mtu mwenye watoto wenye njaa haachi chakula anachokiona kwa ajili ya sumu asiyoiona, mpaka apewe sababu anayoweza kuishika akilini. Amri huzaa swali, na swali huzaa swali jingine. Sumu inatoka wapi ikiwa hindi ni jeupe? Kwa nini mwaka jana tulikula haya haya na hatukufa? Kwa nini jirani amekufa na mimi sijafa? Swali hilo la pili, la kwa nini mwaka huu na si mwaka jana, ndilo hasa swali la ishara: joto, ukame, unyevu, mahindi yaliyojeruhiwa na wadudu, na kuvu inayosoma hayo yote. Mtaalamu anayeweza kulijibu kwa Kiingereza peke yake hana jibu pale Matiliku.

Pingamizi la pili linasema kwamba lugha ya nyumbani Makueni ni Kikamba, na kwamba kupeleka Kiswahili huko ni kuweka mkalimani kati ya mtu na lugha yake. Wapo watetezi wa Kiswahili wasiopenda kulisikia hili. Walisikilize. Ni kweli kwamba redio za Kikamba, kama Musyi FM, zina sikio la mkulima kuliko taarifa yoyote ya Nairobi, na neno la mwisho litasemwa kwa Kikamba. Hata hivyo, muuguzi anayesoma maelezo ya kazi, afisa wa kilimo anayehamishwa kutoka Kitui kwenda Kilifi, mfanyabiashara anayenunua mahindi Tanzania na kuyauza Emali, wote hukutana katika Kiswahili. Aidha, Kiswahili na Kikamba ni lugha za jamii moja ya Kibantu. Maelezo yaliyokwisha kupitia kauli ya kutendua hayataingia Kikamba kwa taabu ile ya maelezo yaliyoandikwa kwa majina ya Kilatini na Kigiriki.

Pingamizi la tatu ndilo la kweli zaidi, na linawahusu wasomaji wa jarida hili. Istilahi zilikwisha kutungwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 na kamusi ya tiba mwaka 2003. Wataalamu walikaa, wakapima, wakaafikiana. Ni wangapi waliowahi kuzifungua? Kamusi hizo zilizaliwa bila matini. Zilikuwa na maneno, lakini hapakuwa na watu waliokuwa wakiandika insha, makala, hadithi na mihadhara ambamo maneno hayo yangepata kuishi, kugombana, kuchakaa na kubadilishwa. Orodha ya istilahi isiyotumiwa hupatwa na kile kile kinachoyapata mahindi yaliyofungiwa.

Ni hapa ambapo mwanafunzi wa fasihi hana udhuru. Mwanabiolojia hakufunzwa kusimulia. Mwanaisimu hutunga neno na kuliacha. Anayejua jinsi ya kumwongoza msikilizaji kutoka jambo analolijua hadi jambo asilolijua, anayejua pa kukawia na pa kupita upesi, anayejua kwamba taswira moja iliyokaa mahali pake ina thamani kuliko fasili tano, ni yule aliyetumia miaka minne au sita akisoma masimulizi. Badala yake, rafu za idara zimejaa tasnifu juu ya usawiri wa mhusika wa kike katika riwaya zile zile, nyingine zikitofautiana kwa jina la mwandishi na mwaka wa kuwasilishwa tu. Hakuna anayesema kazi hizo ziachwe. Inasemwa tu kwamba mtahiniwa wa tano wa riwaya ile ile angeweza kusimamiwa kwa kazi nyingine: kuchunguza, kwa mfano, jinsi habari za mkasa wa 2004 zilivyosimuliwa kwa Kiswahili, maneno gani yalitumika, na nani aliyaelewa. Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, hotuba husomwa juu ya ukuu wa lugha hii. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mgonjwa kilicho ndani ya ini lake imepewa cheo bila kazi.

Na kazi ipo, wala haiishii kwenye mahindi. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hutibu aina moja ya saratani ya damu kwa kuziba kinasi moja iliyoharibika na kukataa kupumzika. Wagonjwa wa Kenya wamekuwa miongoni mwa walioipata kupitia mpango wa kutoa dawa hiyo bila malipo. Mtu anayemeza kidonge hicho kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kuambiwa asikatishe hata anapojisikia mzima, ana haki ya kujua kwamba ndani yake mna kibandikaji kisichojua kuacha, na kwamba kidonge ndicho kinachokishika mkono. Sentensi hiyo haikuhitaji shahada ya bayokemia kuandikwa, ila ilihitaji mtu wa kuiandika.

Jarida kama hili lingeweza kuanza kwa ukurasa mmoja katika kila toleo. Wakae watu watatu: mwanafunzi wa Kiswahili, mwanafunzi wa bayokemia, na mtu mmoja mwenye kazi ya afya au kilimo katika Makueni anayezungumza Kikamba. Waandike maelezo ya kurasa mbili kuhusu sumukuvu, kuanzia shambani hadi kwenye ini, kinasi ikiwemo. Wasiyapeleke kwanza kwa maprofesa. Wayapeleke Matiliku siku ya soko, wayasome kwa sauti mbele ya watu kumi, na waangalie nyuso. Palipokunjwa uso, neno libadilishwe.

Kuna uwezekano mkubwa kwamba atakayesikia neno kubandika atafikiria kwanza sufuria ya muthokoi, na haitakuwa vibaya, kwa sababu muthokoi nao umo katika habari hii. Utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kwamba kuyakoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi hupunguza aflatoksini, ingawa hakuimalizi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu huondoka na maganda. Msikilizaji akisikia hivyo atauliza mara moja yale maganda hupelekwa wapi, na kama kuku na ng'ombe wanaoyala hudhurika. Hudhurika, na kwa ng'ombe sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo. Aina hiyo ya sumu iliyo katika maziwa nayo inastahili jina la Kiswahili linaloeleweka.